Naomba ushauri: mishipa ya mama imeziba, pesimeka itapitia wapi?
Habari zenu wadau. Mamangu yuko dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine) hapa Nairobi na sasa moyo unapiga polepole mpaka anazirai, lazima awekewe pesimeka, kile kifaa cha umeme cha kusaidia moyo kupiga. Shida ni njia. Mkono wa kushoto uko na fistula (mishipa iliyounganishwa ya kutolea damu ya dialisisi), hautakiwi kuguswa, kulia walijaribu kupitisha waya ya pesimeka chini ya mtulinga ikakwama, picha ya mishipa iliyopigwa kwa kudunga dawa ikaonyesha mshipa mkubwa umeziba, nadhani ni zile katheta (mipira ya dialisisi) alizowekewa shingoni zamani. Tumeambiwa kuna kupanua mshipa kwa puto, kupasua kifua waya zishonwe nje ya moyo, ama ile pesimeka ndogo isiyo na waya inapitia mshipa wa paja, ambayo naskia bei si mchezo. Kwa mtu wa dialisisi, gani ina hatari kidogo ya infeksheni? Na kuna mwenye mgonjwa wake aliwekewa hiyo ya paja hapa Kenya?