Ofa ya kazi Grand Cayman: ni Uingereza au siyo, na mkononi kinabaki nini?

Kutoka Kisauni, Mombasa

Assalam aleikum ndugu zangu. Kuna kijana wa hapa mtaani amepata ofa ya kupika kwenye hoteli Grand Cayman. Barua inasema dola 9 kwa saa, saa 45 kwa wiki, mkataba wa miaka 2, "hakuna kodi". Dalali anadai hapo ni Uingereza, kwa hiyo baadaye atavuka tu London, na anataka alipwe hela ya kibali kabla. Wanaopajua, tafadhali: pakoje, nani anatawala, na hiyo dola 9 ni pesa au ni jina?

Kutoka George Town

Waalaikum salaam, dada. Naanza na dalali. Ada ya kibali cha kazi Cayman hulipwa na mwajiri, na sheria ya huko hairuhusu kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Anayemwomba kijana hela ya kibali ama anamdanganya, ama mwajiri wake anaanza uhusiano kwa kuvunja sheria. Kwa Kenya, kampuni ya kupeleka watu kazini nje lazima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Angalieni jina lake huko kabla ya kutoa hata shilingi.

La pili, si Uingereza. Ni eneo la ng'ambo lililo chini ya Mfalme wa Uingereza, lenye sheria zake za uhamiaji. Hata Mwingereza wa London akitaka kufanya kazi hapo anaombewa kibali. Kibali cha Cayman hakimpi mtu haki yoyote ya kuingia Uingereza, na viza ya Uingereza haimruhusu mtu kufanya kazi Cayman.

Visiwa ni vitatu, kusini mwa Cuba na kaskazini-magharibi mwa Jamaica. Grand Cayman ni kilomita za mraba 197 hivi, na karibu watu wote wanaishi hapo. Cayman Brac na Little Cayman viko mbali kidogo, yapata kilomita 145 kuelekea kaskazini-mashariki, na hakuna feri ya abiria: ni ndege ndogo tu. Kwa hiyo barua ikisema kazi iko "Brac", ujue mshahara wake utaliwa na nauli ya ndege kila akitaka kwenda mjini.

Utawala: Gavana huteuliwa na Mfalme, naye anashika ulinzi, mambo ya nje, polisi na utumishi wa umma. Yaliyobaki yako kwa Waziri Kiongozi na baraza lake, wanaotokana na Bunge la wajumbe 19 wa kuchaguliwa, kila mmoja na jimbo lake. Visiwa vilikuwa chini ya Jamaica hadi 1962. Jamaica ilipojitawala, wao wakachagua kubaki na Taji. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 71,000 na kitu, na karibu nusu yao ni wageni. Wajamaika ndio wengi kati ya wageni, wakifuatwa na Wafilipino. Wageni hawapigi kura, kwa hiyo kila uchaguzi suala la vibali ni mtaji wa siasa na kanuni hubadilishwa mara kwa mara. Idara inayoshughulikia vibali inaitwa WORC.

Kibali kimefungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Kinasema mpishi, basi hawezi kwenda kuendesha teksi jioni. Na kuna ukomo wa miaka 9: akifika hapo bila kuomba ukaazi wa kudumu, anatoka nje ya visiwa.

Makaratasi ya upande wa kijana: cheti cha tabia njema (Kenya ni idara ya upelelezi, DCI, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen na alama za vidole), fomu ya daktari yenye vipimo vya damu na picha ya eksirei ya kifua, na picha za pasipoti. Kinachokwamisha wengi ni majina. Cheti kina majina matatu, pasipoti ina mawili, na barua ya ofa imegeuza mpangilio. Vyote vifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Cheti kisichukuliwe mapema mno, maana kinatakiwa kiwe hakijapita miezi 6.

Asikate tiketi kabla barua ya kibali haijatoka, na kabla ya kukata aangalie njia. Akipita Marekani anahitaji viza ya kupitia hata kama hatoki uwanjani. Akipita London, pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda zinahitaji viza ya kupitia uwanjani, isipokuwa ana viza nyingine inayomsamehe. Wapo wanaopata kibali na tiketi wakaishia kaunta ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi.

Kutoka Bodden Town

Shikamoo dada wa Kisauni. Mimi nishike hesabu, kwa sababu hayo maneno "hakuna kodi" ndiyo yanayoponza watu.

Swali la kwanza: dola ipi? Cayman ina dola yake, na imefungwa kwa ile ya Marekani: dola 1 ya Cayman ni dola 1.20 za Marekani. Ofa isiyosema ni dola gani haijasema chochote. Tukichukua ya Cayman:

9 × saa 45 = 405 kwa wiki
405 × wiki 52 ÷ 12 = 1,755 kwa mwezi

Hiyo ni kama dola 2,106 za Marekani. Ikiwa walimaanisha dola za Marekani, basi ni 1,462 na senti kidogo za Cayman, yaani amepungukiwa na karibu dola 300 kila mwezi, na vitu vya dukani vimeandikwa bei ya Cayman. Dukani kwenyewe dola taslimu ya Marekani hupokelewa kwa senti 80 za Cayman, si 83 za hesabu rasmi, kwa hiyo anayelipwa dola za Marekani anakatwa tena hapo.

Kima cha chini kilipoanzishwa Machi 2016 kilikuwa dola 6 za Cayman kwa saa, na waliopokea bahshishi waliweza kulipwa 4.50, ikajazwa hadi 6 kwa mgawo wa bahshishi. Barua itaje wazi: 9 ni mshahara mtupu, au bahshishi imo? Mahoteli huongeza ada ya huduma kwenye bili ya mgeni kisha huigawa kwa wafanyakazi. Muulizeni mwajiri kama watu wa jikoni wamo kwenye mgawo huo, na kwa kiwango gani. Kwa mpishi, jibu la swali hilo linaweza kuwa kubwa kuliko nyongeza ya dola moja. Saa zikipita 45 kwa wiki, za ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 13.50.

Makato sasa. Bima ya afya ni lazima, na mwajiri anaruhusiwa kumkata hadi nusu ya ada yake. Akija na mke asiyefanya kazi, ada ya mke yaweza kukatwa yote kwake. Pensheni ni asilimia 10, tano za mwajiri na tano zake, lakini kwa mgeni inaanza baada ya miezi 9 kazini. Kwa hiyo mwezi wa kumi mshahara unashuka kwa 87.75. Asidhani ameibiwa. Na asiiweke kwenye mpango wa kujenga: zamani mgeni aliyeondoka aliweza kuzichukua fedha hizo baada ya muda, mlango huo ulifungwa mwisho wa 2019. Sasa zinangoja umri wa kustaafu.

Kodi ya mapato kweli haipo. Serikali inakula bandarini. Kisiwa ni jiwe la chokaa, hakina mto, na kinacholimwa ni kidogo, kwa hiyo karibu kila kitu kinakuja kwa meli, na ushuru wa kawaida ni asilimia 22 ya thamani pamoja na usafirishaji na bima. Kitu cha dola 100 kilichosafirishwa kwa 30 kinatozwa 22% ya 130, ni 28.60. Kimefika 158.60 kabla mwenye duka hajaweka faida yake. Baadhi ya vyakula vya msingi vimesamehewa ushuru, ila nauli ya meli haisamehewi na mtu. Mshahara wa 1,755 unaoonekana mnono Kisauni ni wa kugawana nyumba na wenzake huko.

Akitafuta chumba cha kupanga aulize jambo moja kabla ya bei: umeme na maji vimo? Umeme unatokana zaidi na mitambo ya dizeli, na bili ina mstari wa mafuta unaopanda na kushuka kwa soko la dunia. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi. Chumba cha bei nafuu chenye kiyoyozi kibovu na bili juu yako si nafuu.

Kutoka Kisauni, Mombasa

Marahaba, na shukrani. Dalali amekata simu alipoulizwa NEA, basi. Sasa mama yake anapakia birika la umeme, pasi, na unga. Abebe nini?

Kutoka West Bay

Dada, birika libaki. Cayman ni volti 120, plagi za bapa kama za Marekani. Birika la wati 2,000 la volti 240 likichomekwa huko linatoa wati 500 tu, robo, kwa sababu volti ikishuka nusu nguvu inashuka mara nne. Halitaungua, ila chai itachemka wakati zamu imeshaanza. Pasi ni vivyo hivyo. Chaja ya simu na ya kompyuta haina neno: tazama maandishi madogo, ikiwa imeandikwa 100-240V abebe, akanunue kigeuzi cha plagi tu.

Unga wa mahindi upo, ingawa wengi huuona laini mno kwa sima. Muhogo, ndizi mbichi, magimbi na shelisheli vipo kwa sababu ya Wajamaika, na wenyeji wana keki nzito ya muhogo kwa tui la nazi ambayo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Abebe viungo vya pilau vilivyofungwa na kuandikwa. Nyama, mbegu na matunda aache. Jumapili supermaketi kubwa hufungwa, kwa hiyo ununuzi ni Jumamosi.

Mabasi ni yale madogo, plati za samawati, na duara la rangi linaonyesha njia: la njano WB1 linakuja West Bay, la buluu BT1 linakwenda Bodden Town. Kituo kiko kando ya maktaba, George Town. Mpishi anayetoka kazini usiku wa manane asitegemee basi. Kwa hiyo umbali wa chumba hadi hotelini ni sehemu ya kodi ya nyumba.

Kutoka George Town

Naongeza la vimbunga, maana msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30. Upepo unatisha, lakini bahari ndiyo inayoingia ndani: kisiwa ni tambarare, na Ivan ya Septemba 2004 ilipandisha maji hadi nyumba za South Sound. Akipanga nyumba, atazame sakafu iko juu ya barabara kiasi gani, na aulize makazi ya dharura ya karibu ni shule ipi. Maji ya kunywa ni galoni moja kwa mtu kwa siku, ya siku 3 angalau. Awe na fedha taslimu, kwa sababu umeme ukikatika mashine za kadi hazisomi. Pasipoti na barua ya kibali ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Na kuhusu mahojiano ya simu: Cayman iko nyuma ya Mombasa kwa saa 8 mwaka mzima, haibadilishi saa. Mwajiri akiandika 9 asubuhi ya kwao, Kisauni ni saa kumi na moja jioni ya siku hiyo hiyo. Kijana akisoma hiyo tisa kwa saa za Kiswahili, atamkosa.