Naombeni ushauri: ndugu wanataka dada amtolee mdogo wake kizazi

Mama wa Uyole:
Wakuu, habari zenu. Familia moja hapa Uyole ina binti wa miaka 27, alitolewa kizazi baada ya kutokwa damu nyingi akijifungua, na mtoto hakupona. Ndugu wamesikia siku hizi kizazi kinapandikizwa. Wamekaa kikao, wote wakamgeukia dada yake wa miaka 41: "Wewe umeshamaliza kuzaa." Dada kanyamaza. Ni haki hii? Na hatari ni zipi?

Muuguzi Tukuyu:
Poleni sana. Upandikizaji huu haufanyiki hapa nchini. Mtoto wa kwanza alizaliwa Sweden mwaka 2014, kwa timu ya Profesa Mats Brännström, na aliyetoa kizazi alikuwa na miaka 61. Umri wa dada basi si tatizo, tatizo ni upasuaji. Msiulinganishe na kutolewa kizazi chenye uvimbe. Kule daktari anafunga mishipa ya damu karibu na kizazi. Huku lazima aichukue mirefu, toka ndani kabisa ya nyonga, ipate kushonwa kwa mpokeaji. Sasa mrija wa mkojo unapita chini kidogo tu ya ateri ya kizazi, na vena zimeuzingira. Ukiguswa vibaya, mkojo unavujia ukeni, au mrija unaziba na figo inavimba. Watoaji wa mwanzo kule Sweden walikaa mezani zaidi ya saa 10.

Kihesa Iringa:
Na kinaweza kupotea bure. Kati ya wapokeaji 9 wa mwanzo wa Sweden, 2 walitolewa tena mapema: mmoja damu iliganda kwenye mishipa, mwingine maambukizi. Kikishika, mimba ni ya maabara tu kwa sababu mirija ya uzazi haiunganishwi. Mayai ya mpokeaji yanarutubishwa na kugandishwa kabla. Dawa za kuzuia mwili usikikatae ni kila siku, na zinachosha figo. Anajifungua kwa upasuaji, na baada ya mtoto mmoja au wawili kizazi kinatolewa ili aache dawa.

Muuguzi Tukuyu:
Figo ya kupandikizwa inamtoa mgonjwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Kizazi hakiokoi uhai, kwa hiyo "ndiyo" ya dada iwe yake kwelikweli. Kunyamaza mbele ya wazee si kukubali.

Mama wa Uyole:
Nani amuulize?

Muuguzi Tukuyu:
Si mama yao, si mumewe. Daktari asiyemtibu mdogo wake, wawe wawili tu chumbani. Akikataa, ndugu waambiwe "vipimo havikuruhusu", wasije wakamnunia maisha. Mdogo mtu naye asisukumwe. Kuna kuasili mtoto, waanzie ustawi wa jamii pale halmashauri.