Magazini za Kampala, LAKI NNE kwa kava na gharama zote juu yangu??

Wandugu leo nimechoka kunyamaza. Mwaka jana mwezi wa sita magazini moja ya utalii hapa Kampala ilinituma msitu wa Bwindi nikapige picha ya gorila kwa ajili ya kava. Tulikubaliana laki nne za Uganda, pamiti (kibali cha kuona gorila) na usafiri watanirudishia. Kwa mdomo tu, mhariri tunajuana miaka nikamwamini.

Pamiti kwa sisi wa Afrika Mashariki ilikuwa 300,000, nikatoa mfukoni. Basi kwenda na kurudi 120,000, kulala 100,000, kijana wa kunibebea begi 60,000. Jumla 580,000. Na ukiwafikia wanyama unapewa saa moja basi, fleshi hairuhusiwi, msituni giza mchana kweupe na mvua ndo imekatika, mimi nimelala kifudifudi kwenye matope lenzi nimeivisha kavera, mfuko wa plastiki, nangoja dume liinue uso tu. Likainua, tone la maji limening'inia kwenye nyusi. Ndo hiyo picha.

Kava ikatoka mwezi wa nane. Hela imeingia DISEMBA, 376,000! Nauliza, eti wamekata kodi asilimia 6. Kodi gani na hiyo inakatwa malipo yakizidi milioni moja? Cheti cha hiyo kodi mpaka leo sijakiona. Ya pamiti na basi wanasema bajeti ilishafungwa. Banange, yaani mimi ndo nimewalipa 204,000 ili wao wapate kava, na kuzitoa kwenye mobile money nikakatwa tena 0.5%.

Sasa Januari naingia ofisi ya mteja Ntinda, kalenda ukutani, gorila wangu na tone lake! Wameiuza kwa watu wa safari, jina langu hakuna. Nampigia mhariri anajibu "ssebo picha ni yetu, si tulikulipa?" Sheria ya hakimiliki ya 2006 inampa aliyetengeneza kazi haki ya kutajwa jina. Lakini hiyohiyo inasema kazi ya kuagizwa kama hamna mkataba unaosema vingine haki inaenda kwa aliyeagiza, na hapo ndo wanapotukamatia. Mimi nimeijua nimeshaliwa.

Wapiga picha wenzangu wa Kampala, Mbarara, Gulu, semeni hapa kava mnalipwa ngapi, nani anabeba safari, hela inakaa miezi mingapi. Maana kila mmoja wetu anaambiwa mwenzako amekubali laki mbili. Mimi basi sipandi tena bila nusu ya hela mkononi na karatasi yenye saini.