Mrejesho: Ndugu waliodhani ninaumwa

Niliomba ushauri kuhusu ndugu zangu wa Tanga ambao, baada ya kuniona nimepungua kutoka kilo 112 hadi 74, walianza kunong'ona kuwa nina Ukimwi au kwamba ndoa imenishinda. Nawashukuru mlionishauri nianze na mama. Nilimweleza kuwa daktari alikuta sukari yangu imepanda, ndipo nikaacha soda, nikapunguza ugali na kuanza kutembea kila alfajiri. Alinisikiliza huku akinipapasa mfupa wa bega, kisha akaniuliza kama kweli ninakula nikashiba. Sasa yeye ndiye anayewajibu mashangazi. Shoga yangu wa siku nyingi, tuliyezoea kushonesha naye madera ya kitambaa kimoja, bado hanipigii simu, na hilo linaniuma kuliko minong'ono yote. Idi hii nitamwendea mwenyewe.