Tupeane uzoefu: tunaotunza mbwa ambao kinga ya mwili inawashambulia wenyewe

Mama Simba, Malindi

Habari zenu wapendwa. Naomba tukusanye hapa yale tunayoyajua kwa mikono yetu, maana mtu akiuguza mbwa miaka na miaka huambiwa "si umwache tu".

Simba wangu ana lupasi ya ngozi, yaani kinga yake inashambulia ngozi yake mwenyewe. Ilianzia puani. Weusi ukafifia, ukawa kijivu kisha waridi, ile ngozi ya chengachenga ikalainika, halafu ikaanza kupasuka na kutoa damu. Wengi waliona ni upele. Daktari wa mifugo alikata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabara, ndipo tukajua. Hauambukizi mbwa mwingine wala mtu. Hauishi pia, hutulizwa tu.

Adui wake mkubwa ni jua, na sisi tunaishi Malindi! Kwa hiyo hutoka alfajiri, kisha tena jua likikaribia kuzama. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi yuko chini ya makuti. Ufukweni mchana simpeleki hata kukiwa na kivuli, kwa sababu mchanga mweupe hurudisha mwanga juu, moja kwa moja puani. Na tafadhalini, msimpake mafuta ya jua ya watu yenye zinki. Atayalamba, na zinki ni sumu kwake.

Baba Chai, Muyeye

Asante dada kwa kuanzisha. Wangu ni wa damu: kinga inavunja chembe nyekundu. Alilegea ghafla, ufizi ukawa mweupe, macho yakaingia umanjano, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi. Daktari alipima pia erlikia, ugonjwa unaoletwa na kupe, kwa sababu maambukizi hayo yanaweza kuichochea kinga ikavurugika. Akapewa doksisaiklini ya kuua vijidudu, pamoja na prednisoloni, dawa ya aina ya homoni inayotuliza kinga.

Hiyo prednisoloni ndiyo nataka kuisemea. Mbwa hunywa maji kama ngamia, hukojoa usiku kucha, huhema, na njaa yake haishi. Watu wa nyumbani walipomwona amechangamka wakasema dawa itamuua, tuiache. Daktari alikataa kabisa. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo, ukiikata ghafla mbwa anaweza kuanguka, na ugonjwa wenyewe kurudi kwa kishindo. Hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, huku damu ikipimwa. Kwetu maji hayakauki bakulini na usiku analala karibu na mlango wa uani. Hagombezwi akikojoa ndani, si kosa lake.

Jingine: asipewe dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki wala ibuprofeni. Zikikutana na prednisoloni tumbo linaweza kutoboka.

Mkulima wa Gede

Kupe, kupe, kupe. Dawa ya kupe kila inapofika tarehe, mvua iwe imenyesha au la. Na kabla ya chanjo yoyote muulizeni daktari kwanza.

Bi Maweni

Asalaam aleikum. Mimi nitasema lile ambalo wengi wetu tunaulizwa. Mbwa wetu ni wa kulinda shamba, na nimemtunza katika ugonjwa huu kama Muislamu. Vidonge namtilia ndani ya tonge la sima lenye mchuzi wa samaki, baada ya kula chakula chake. Mate yakinigusa, najiosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa katika madhehebu yetu ya Shafii. Ndoo na udongo viko kando ya banda, kazi imekwisha. Kumhudumia kiumbe mgonjwa ni thawabu. Yule mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa, sote tumeisikia tangu chuoni.

Mwana wa Lamu

Shukrani Bi Maweni, umenituliza moyo. Huku kisiwani matibabu tuliyozoea ni ya punda. Mbwa kwenda kupimwa damu ni boti hadi Mokowe, kisha safari ndefu ya barabara. Ndiyo maana huhesabu vidonge mapema na kuagiza kabla bahari ya kusi haijachafuka. Dawa ikikatika kwa sababu ya boti, ni mbwa anayeumia.

Jirani wa Ngala

Samahani kuwakatiza. Wangu anatumia prednisoloni kama wa Baba Chai. Leo hataki kuinuka na ufizi umepauka. Nisubiri Jumatatu?

Baba Chai, Muyeye

Usisubiri ndugu yangu! Mpigie daktari sasa hivi umweleze rangi ya ufizi na kwamba yuko kwenye dawa. Usimtembeze kwa miguu, mbebe. Chukua vidonge vyake vyote uende navyo, daktari aone kipimo. Mwenye tuktuk akikataa kupakia mbwa, niandikie, ninaye anayekubali na yuko karibu nawe.