Kuvuta karavani kwenye theluji: dereva wa Dodoma ajiandae vipi?

Mkazi wa Ipagala:
Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Mimi ni dereva wa malori niliyezoea njia ya Dodoma hadi Mwanza. Mwezi Januari nitakuwa Uingereza kwa shemeji yangu, ambaye ameniomba tupokezane kuendesha gari lake dogo linalovuta karavani, yaani kile kinyumba cha magurudumu cha kulala safarini, hadi kwenye milima ya Scotland. Tela nimevuta miaka mingi, lakini theluji nimeiona ya Kilimanjaro tu, tena kwa mbali. Je, ni wapi uzoefu wa kwetu utaniangusha?

Fundi wa Kizota:
Mkuu, utakuangusha kwenye breki. Unaposhuka Sekenke na lori, tela lako lina breki za upepo zinazoshika pamoja na za kichwa. Karavani haiko hivyo: breki zake hushika pale tu gari la mbele linapopunguza mwendo nayo ikaisukuma ndoano. Maana yake ni kwamba kwenye mteremko wenye barafu, kabla ya kusaidia, kwanza inakusukuma mgongoni, na magurudumu ya nyuma ya gari yakikosa mshiko, gari na karavani hujikunja kama kisu cha kukunja. Kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kuanza kushuka, ingiza gia ndogo mapema, na ikianza kuyumba usikanyage breki wala usipambane na usukani. Achia pedeli ya mafuta taratibu. Mizigo mizito ikae chini, karibu na ekseli, kwa sababu ikirundikwa nyuma ndiyo huanzisha kuyumba kwenyewe.

Mstaafu, Chamwino:
Fundi amesema kweli. Niliishi huko miaka kadhaa, na ninaongeza machache. Kanuni za barabarani za Uingereza zinatahadharisha kwamba kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa barabara kavu. Tope letu la masika, pamoja na ubaya wake, angalau hulioni likijificha, ilhali barafu nyembamba hufanana na lami iliyolowa. Fagieni theluji iliyo juu ya paa kabla ya kuondoka, kwani huongeza uzito na huweza kumwangukia aliye nyuma yenu. Mkilala penye baridi kali, msiiache karavani kwenye breki ya mkono, maana huganda usiku kucha. Wekeni vizuizi kwenye magurudumu, kama sisi tunavyoweka mawe. Gesi nayo iwe propani, kwa kuwa butani haitoki vizuri joto likikaribia nyuzi 0. Tena, barabara ya A93, ya huko milimani Scotland, hupanda hadi mita 670 hivi, na ina mageti ambayo hufungwa theluji ikizidi. Mkikuta limefungwa, geuzeni.

Mkazi wa Ipagala:
Nawashukuru, fundi na mzee wangu. Nimempigia shemeji sasa hivi: mtungi wake ni wa butani, na baiskeli mbili huwa anazifunga nyuma kabisa ya karavani.

Fundi wa Kizota:
Hizo baiskeli zihamie kwenye gari.