Mjadala: Kazi za matatu ziliuawa na masharti ya korona au na wenye magari?

Hesabu_Kwanza: Machi 2020 hapa Kenya, matatu ya abiria 14 iliagizwa kubeba 8. Kwa nauli ya sh 50, safari moja ilishuka kutoka 700 hadi 400. Pandisha nauli hadi 80, unapata 640. Dizeli ni ile ile, ada ya sacco, yaani chama cha wenye matatu, ni ile ile, na mwenye gari anadai hesabu yake, yaani pesa yake ya siku, jioni. Kisha kafyu ya saa tatu usiku ikamaliza abiria wa jioni. Kazi zingebaki vipi?

Wa_Steji: Rekebisha hapo. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Saa tatu ilikuja Juni. Na saa moja gari linatakiwa liwe limelala, kwa hiyo zile safari za jioni zenye pesa zilikufa zote. Wa kwanza kukosa kazi alikuwa manamba, maana watu wakigombania viti 8, nani atamlipa mtu wa kuita abiria? Akafuata skwodi, yule wa kushikia gari kwa muda, kwa sababu dereva mwenye gari lake la kila siku hakuthubutu tena kumwachia hata nusu siku.

Raia_Mkweli: Manamba na skwodi si wafanyakazi. Hawana mkataba. Ajira za kweli zilipotea hotelini na shule za kibinafsi.

Daladala_Dar: Huku hakukuwa na kafyu, ila tuliambiwa level siti, yaani wote wakae na asisimame mtu, na faida ya daladala iko kwa wanaosimama.

Wa_Steji: Raia, rudia hayo maneno steji uone. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9: kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa mkataba wa maandishi, na wa kuuandika ni mwajiri. Unawalaumu hawa, hata kondakta, kwa karatasi ambayo tajiri alikataa kuandika?

Hesabu_Kwanza: Jamani, tulikuwa kwenye kafyu.

Raia_Mkweli: Kifungu cha 9 hakimsaidii anayelipwa jioni kwa jioni. Huyo ni kibarua.

Sheria_Mtaani: Soma cha 37. Kibarua akifanya siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, sheria inamhesabu kama wa mshahara wa mwezi, na hafukuzwi bila notisi ya siku 28. Akipunguzwa kwa sababu kazi imeisha, cha 40 kinadai notisi ya mwezi, afisa wa kazi ajulishwe, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Hata hotelini wengi walipewa "likizo bila malipo" ili hayo yakwepwe. Ushahidi wa siku alizofanya ni daftari la sacco linaloandika nani ametoka na gari gani, pamoja na taarifa ya M-Pesa.

Raia_Mkweli: Sawa, kondakta nakupa. Skwodi anayebadilisha magari manne kwa wiki, mwajiri wake ni nani?

Wa_Steji: Sacco. Ndiyo inayompanga.

Sheria_Mtaani: Hapana, sacco haimlipi. Leta daftari tuone imeandika nini.